Zimwi Tulijualo na Zimwi Tusilolijua: Uchambuzi wa Dakika za Mwisho za The Mummy Returns

Kisa kinachochambuliwa hapa kinatokea ndani ya piramidi ya dhahabu, kuelekea mwisho wa The Mummy Returns, filamu iliyoongozwa na Stephen Sommers na kuanza kuonyeshwa Marekani tarehe 4 Mei 2001. Kwa muda unaokaribia saa mbili mtazamaji amekuwa akiambiwa kwamba mahali fulani jangwani amelala Mfalme Nge, shujaa wa kale aliyemwuzia mungu Anubis roho yake, na kwamba siku atakapoamka hakuna jeshi la binadamu litakalosimama mbele yake. Hatimaye kuhani Imhotep anapiga upatu, na zimwi lenyewe linatoka gizani: kuanzia kiunoni kwenda chini ni nge mkubwa mwenye magando na mkia uliopinda, na kuanzia kiunoni kwenda juu ni kifua na uso wa Dwayne Johnson, ambaye wakati huo alijulikana zaidi kama The Rock wa mieleka. Uso huo unang'aa kama wa mdoli aliyetolewa kwenye boksi asubuhi hiyo. Macho yamekodolewa, lakini hakuna kinachoonekana kuyafikia. Zimwi lililosubiriwa filamu nzima linapowasili, ukumbi hauogopi. Unacheka, na hadi leo tukio hilo hutajwa kila watu wanapotoa mifano ya picha za kompyuta zilizoharibika.

Dakika chache baadaye, katika jengo lilelile linaloporomoka, tunaonyeshwa tukio jingine ambalo halihitaji nge wala mkia. Wanaume wawili maadui wananing'inia ukingoni mwa shimo, kila mmoja anamwita mwanamke anayempenda, mmoja anajiwa na mwingine anakimbiwa. Aliyekimbiwa ni Imhotep, yule yule aliyewafyonza watu uhai tangu filamu ya kwanza, The Mummy ya mwaka 1999, na kwa mara ya kwanza tunamwonea huruma. Swali langu ni jinsi filamu moja, yenye mwongozaji mmoja na bajeti moja ya takriban dola milioni 98, ilivyoweza kushindwa vibaya hivyo na kufaulu vizuri hivyo chini ya paa moja. Waswahili husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nadhani jibu limejificha humo, ingawa linapaswa kugeuzwa kidogo: zimwi usilolijua hata halikutishi.

Kwa aliyesahau hadithi, itoshe kusema hivi. Mwaka ni 1933. Rick O'Connell, anayeigizwa na Brendan Fraser, na mkewe Evelyn, anayeigizwa na Rachel Weisz, wanaishi Uingereza na mtoto wao Alex. Wamepata bangili ya Anubis, Alex ameivaa kwa utundu wa kitoto, na bangili imembana mkononi haivuliki. Kundi moja linaloongozwa na msimamizi wa makumbusho limemfufua Imhotep, likitaka apambane na Mfalme Nge, kwa sababu atakayemwua mfalme huyo ndiye atakayeliamuru jeshi la Anubis. Alex anatekwa kwa kuwa bangili ndiyo inayoonyesha njia ya kwenda Ahm Shere, oasisi iliyofichika. Wazazi wanamfuata, kwanza Misri, kisha jangwani, wakiwa ndani ya puto kubwa lenye injini. Yaliyobaki ni risasi, panga na mbio.

Maelezo ya kwanza ambayo kila mtu huyatoa kuhusu kushindwa kwa Mfalme Nge ni kwamba kompyuta za wakati ule hazikuweza. Maelezo hayo ni ya kweli, na yanastahili kutazamwa kwa makini kabla ya kuwekwa pembeni. Kazi ilifanywa na Industrial Light & Magic, kampuni iliyokuwa mstari wa mbele duniani katika fani hiyo, chini ya usimamizi wa John Berton, ambaye ndiye aliyesimamia pia picha za Imhotep aliyeoza katika filamu ya kwanza. Hawakuwa wanagenzi. Lakini ngozi ya binadamu ni kitu kigumu kuchora, kwa sababu haifanani na ukuta. Mwanga ukipiga ukuta unarudi pale pale ulipogonga. Ukipiga ngozi, sehemu yake hupenya, husambaa ndani ya nyama na damu, kisha hutokea mahali pengine kidogo. Mtazame mtoto aliyesimama huku jua likiwa nyuma yake uone sikio lake linavyokuwa jekundu, kama kwamba lina taa ndani. Njia ya kihesabu iliyowawezesha wachoraji wa kompyuta kuiga tabia hiyo bila kusubiri siku kadhaa kwa kila picha ilichapishwa na Henrik Wann Jensen na wenzake mwaka huohuo wa 2001, na mwaka uliofuata watazamaji waliona matunda yake katika ngozi ya Gollum, kiumbe wa filamu za The Lord of the Rings. Mfalme Nge alizaliwa mapema mno. Ngozi yake inarudisha mwanga kama rangi ya mafuta kwenye mlango.

Mwaka 1970 mtaalamu wa roboti wa Japani, Masahiro Mori, alikuwa tayari ameeleza kwamba kitu kinachofanana na mtu kidogo tu kinatupendeza, kitu kinachofanana na mtu kabisa tunakikubali, lakini katikati kuna bonde ambalo ndani yake kinachokaribia kuwa mtu bila kufika hututia kinyaa. Mfalme Nge ametumbukia katikati ya bonde hilo. Tena tulikwisha kumwona Johnson mwenyewe, kwa nyama na damu, katika utangulizi wa filamu uliopigwa jangwani Moroko: jasho, mchanga mdomoni, kiu, mtu anayetambaa akiomba uhai. Hivyo mtazamaji ana kipimo kichwani mwake. Anajua uso ule unavyokunjamana unapoumia, na sasa anaonyeshwa nakala isiyokunjamana.

Hata hivyo, maelezo hayo hayatoshi, na filamu yenyewe inatupa ushahidi. Jeshi la Anubis, maelfu ya askari wenye vichwa vya mbweha wanaochomoza mchangani na kupukutika vumbi wanapokatwa, limetengenezwa na kompyuta hizohizo, na halimchekeshi mtu. Mumia waliofufuliwa wanaokimbia ukutani na juu ya basi la ghorofa jijini London wanafurahisha hadi leo. Mtu anaweza kujibu kwamba hao hawana ngozi ya binadamu, na atakuwa sahihi. Lakini historia ya filamu imejaa mazimwi ya mpira, ya udongo na ya nguo kuukuu ambayo yaliwakosesha watu usingizi. Katika The Mummy ya mwaka 1932, iliyoongozwa na Karl Freund, Boris Karloff anaonekana akiwa amefungwa vitambaa kwa muda mfupi sana, kisha filamu nzima anatembea kama mzee mwembamba aliyevaa kofia ya tarbushi. Anatisha kwa sababu tunajua anachokitaka: mwanamke aliyempoteza maelfu ya miaka iliyopita. Ubaya wa sanamu husamehewa pale mtazamaji anapojua zimwi linadai nini na kwa nani.

Hapa ndipo suala la laana linapoingia, kwani laana, ukiiondolea moshi na ngurumo, ni mkataba wenye masharti. Filamu ya kwanza ililielewa hilo vizuri. Kulikuwa na kasha. Juu ya kasha kulikuwa na maandishi. Watakaolifungua wangefuatwa na Imhotep mmoja baada ya mwingine, naye angejirudishia mwili wake kutokana na miili yao. Walilifungua Wamarekani watatu na mtaalamu wa Misri ya kale aliyewaongoza. Mtazamaji alikuwa na orodha mkononi. Kila aliyekufa alimwongezea Imhotep nyama kidogo, na hofu ilitokana na kuhesabu.

Itaruhusiwa hapa nichepuke kidogo. Lugha yetu ina neno mumiani, ambalo limetoka kwenye shina lilelile la Kiajemi na Kiarabu lililozaa jina la maiti zilizokaushwa za Misri. Kwa wazee wetu mumiani ilikuwa dawa, kitu cheusi kinachofanana na lami, kikisemekana kutokana na damu ya watu. Baadaye, hasa nyakati za ukoloni, neno likaja kumtaja mtu anayewavizia wenzake usiku ili kuwanyonya damu. Wapo waliokulia Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar wakiambiwa wasitoke nje baada ya magharibi kwa sababu ya mumiani. Sijui kama kuna lugha nyingine ambamo maiti ya Misri na mnyonyaji wa damu vimekutana katika neno moja namna hiyo, lakini Imhotep wa 1999, anayewakausha waathiriwa wake wakabaki magofu ya ngozi, angetambuliwa mara moja na bibi yeyote wa pwani. Zimwi hilo tunalijua.

Filamu ya pili ilianza vizuri kwa upande wa masharti. Bangili ikishamkamata Alex, amebakiwa na siku 7: asipoingia ndani ya piramidi ya Ahm Shere kabla ya jua la siku ya saba kuipiga, atakufa. Ni sharti rahisi, linaeleweka hata na mtoto, na ndilo linaloibeba sehemu yote ya katikati, ambayo kwa maoni yangu ndiyo bora kuliko zote. Kilele chake ni pale Rick anapokimbia akiwa na mwanawe huku mstari wa mwanga wa alfajiri ukiwafukuza ardhini, unakula kivuli hatua kwa hatua, na wanajitupa ndani ya mlango jua likiwa visiginoni. Bangili inafunguka, inaanguka.

Tatizo liko hapo hapo. Bangili inapoanguka, mkataba umekwisha. Hakuna tena mtu katika familia ile aliye chini ya laana, hakuna siku inayohesabiwa. Kisha ndipo Mfalme Nge anapoletwa, wakati saa imekwisha kusimama. Ni kweli kwamba Evelyn anachomwa kisu na Anck-su-namun, mpenzi wa Imhotep, nje ya piramidi na kufa, na tukio hilo linamtia Rick hasira ya kuingia vitani. Lakini Mfalme Nge hahusiki na kifo hicho, wala hajui kama kimetokea. Hata sharti la kumshinda linafunuliwa papo kwa papo: Rick anatupia jicho picha za ukutani katikati ya mapambano na kugundua kwamba fimbo ya dhahabu ambayo shemeji yake Jonathan amekuwa akiizungusha kama mali ya kuuza ndiyo Mkuki wa Osiris, silaha pekee inayomwua mfalme huyo. Fimbo yenyewe ilipandikizwa mapema na kwa ustadi; nampongeza mwandishi kwa hilo. Ila hofu haikupandikizwa nayo. Hatukuwahi kuketi tukiogopa kwamba fimbo itapotea, kwa kuwa hatukujua kwamba inahitajika.

Ukilinganisha na laana halisi za Misri, utaona filamu ingeweza kujifunza. Hadithi maarufu ya laana ya Farao Tutankhamun haina maandishi ya laana nyuma yake. Mwanaakiolojia Howard Carter alilifikia kaburi tarehe 4 Novemba 1922; mfadhili wake, Lord Carnarvon, alifariki Cairo tarehe 5 Aprili 1923 baada ya alama ya kuumwa na mbu kukatwa na wembe, ikaingia sumu, ikafuatiwa na homa ya mapafu, na magazeti yakafanya yaliyobaki. Carter, ambaye kama kuna laana ilipaswa kuanza naye, aliishi hadi 1939. Mwaka 2002 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliowafuatilia watu 44 wa nchi za Magharibi waliotajwa na Carter kuwa Misri wakati huo, 25 kati yao wakiwa wamekuwepo kaburini katika nyakati muhimu, na haukuona kwamba kuingia kaburini kulifupisha maisha. John L. Balderston, aliyeandika filamu ya 1932, alikuwa mwanahabari aliyeripoti habari za kaburi hilo. Kwa hiyo zimwi la sinema limezaliwa na gazeti zaidi kuliko na mafunjo.

Lakini laana za kweli zipo. Aswan, upande wa magharibi wa Mto Nile, kuna makaburi yaliyochongwa kwenye mwamba, na mojawapo ni la Harkhuf, ofisa aliyeongoza misafara minne kwenda nchi ya Yam, kusini, katika karne ya 23 KK. Kwenye uso wa kaburi lake ameonya kwamba atakayeingia humo akiwa najisi atamkamata shingo kama anavyokamatwa ndege, na atahukumiwa mbele ya mungu mkuu. Soma vizuri uone ilivyo na mipaka. Anayelaaniwa ni aliyeingia bila usafi. Adhabu inatajwa. Hakimu anatajwa. Hakuna jeshi linalofufuka wala mji unaomezwa, na bado shingo ya msomaji inasisimka, kwa sababu kila mmoja wetu amewahi kumwona kuku akishikwa hivyo.

Kwenye uso wa kaburi hilohilo kuna barua, na barua hiyo inaigusa filamu mahali pabaya. Ndani ya msitu wa Ahm Shere, kabla ya kufika kwenye piramidi, wanajeshi wa msimamizi wa makumbusho wanashambuliwa na mifupa midogo mikavu, mbilikimo waliogeuzwa mumia, wanaokimbia kama panya na kurarua watu. Wamewekwa pale ili msitu uwe na kitu cha kurukia watu, hawana historia wala sababu, na mara wanaposhindwa hawakumbukwi tena. Barua ya Harkhuf ilitoka kwa Farao Pepi wa Pili, aliyekuwa bado mtoto. Harkhuf alikuwa amemwarifu kwamba anarudi na mbilikimo mchezaji wa ngoma za mungu, na mfalme mdogo hakuweza kuvumilia: anamwamuru aje haraka, aweke watu waangalifu kila upande wa mbilikimo huyo chomboni asije akatumbukia majini, usiku walale watu wa kuaminika wakimzunguka, na wamkague mara kumi kwa usiku mmoja, kwa kuwa mfalme anatamani kumwona yeye kuliko zawadi zote za Sinai na Punt. Harkhuf aliithamini barua hiyo kiasi cha kuichonga kwenye mwamba ili isomwe milele. Sisi tunaozungumza lugha yenye neno mbilikimo, na ambao tuna ndugu wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi jirani na Wambuti wa msitu wa Ituri huko Kongo, tunaweza kuona kwa urahisi kilichopotea. Mtu aliyelindwa usiku kucha asianguke mtoni ameletwa kwenye filamu akiwa panya mwenye meno. Wala sielewi nani aliyedhani kwamba jambo hilo linachekesha.

Kwa upande wa majina, Sommers alichukua bila kuomba ruhusa ya wakati. Imhotep wa kweli alikuwa waziri wa Farao Djoser, anahusishwa na piramidi ya ngazi ya Saqqara, na baadaye aliabudiwa kama mponyaji. Filamu inamleta zaidi ya miaka 1,300 mbele, enzi ya Seti wa Kwanza, na kumfanya msaliti. Ankhesenamun, ambaye jina lake filamu imeligeuza kuwa Anck-su-namun, alikuwa mke wa Tutankhamun. Nefertari alikuwa mke wa Ramesses wa Pili, mwana wa Seti, ilhali filamu inampa Seti binti anayeitwa Nefertiri. Wamedjay, ambao filamu inawafanya walinzi dhidi ya Imhotep, walikuwa watu wa jangwa la mashariki mwa Nubia walioajiriwa na Misri kama askari wa doria. Haya yote nayasamehe, kwani burudani haifanyiwi mtihani wa historia. Kosa moja tu nalihesabu, kwa kuwa lingeweza kuliokoa zimwi.

Mfalme Nge alikuwepo. Mwaka 1897 na 1898 Waingereza wawili, James Quibell na Frederick Green, walikuwa wakichimba Hierakonpolis, mji wa kale kusini mwa Misri, wakapata kichwa cha rungu kilichochongwa kwa mawe ya chokaa, kikubwa mno kwa rungu la kupigia mtu. Leo kimehifadhiwa katika makumbusho ya Ashmolean mjini Oxford. Juu yake amechongwa mfalme aliyevaa taji jeupe, na mbele ya uso wake kuna alama ya ua na alama ya nge. Anakadiriwa kuishi karibu mwaka 3100 KK, na filamu, inayoutaja mwaka 3067 KK, kwa mara moja haikwenda mbali. Lakini tazama mikono yake: ameshika jembe. Anasimama kando ya mfereji wa maji, na mbele yake mtu mmoja ameinama na kikapu kama anayepokea udongo. Sehemu ya juu, kwenye milingoti, wananing'inia ndege waliofungwa shingo, alama ya watu walioshindwa. Mfalme huyu alitisha, na alichimba. Aliua, na alileta maji. Hata nge kwa Wamisri hakuwa uovu mtupu, kwani mungu wa kike Serqet, mwenye nge kichwani, alisimamishwa kwa dhahabu akilinda viungo vya ndani vya Tutankhamun.

Katika utangulizi wa filamu kuna mbegu ya mtu huyo. Jeshi lake limeshindwa baada ya vita vya miaka 7, askari wake wanakufa mmoja mmoja kwa kiu, naye anaapa kumpa Anubis roho yake ili mradi awashinde adui zake. Na malipo ya kiapo hicho yanaanza kwa oasisi kuchipuka mchangani. Kiu ikajibiwa kwa maji. Hebu fikiria kama angeamka akiwa bado anayakumbuka maji hayo, au askari wale, au akidai kurudishiwa roho aliyodhulumiwa, kwani Anubis alimchukua punde tu ushindi ulipopatikana. Angekuwa na deni na mtu. Badala yake anaamka akipigana na yeyote aliye karibu. Imhotep anamlaghai kwa sentensi moja kwamba Rick ametumwa kumwua, naye anakubali bila swali. Zimwi lisilo na haja limeachiwa uso pekee ufanye kazi yote, na uso ndio ulikuwa dhaifu kuliko vyote. Kompyuta ilibebeshwa mzigo ambao hadithi iliutua.

Sasa rudi kwenye ukingo wa shimo. Mfalme Nge amechomwa mkuki na jeshi lake limetoweka. Mawe yanaanguka, na chini ya shimo viumbe waliolaaniwa wanavuta miguu ya Rick na Imhotep. Imhotep hana nguvu tena, kwa sababu Anubis alimnyang'anya uwezo wake alipoingia piramidini ili apigane kama mtu. Ni Arnold Vosloo mwenyewe, bila vumbi la kompyuta usoni, vidole vyake vimeng'ang'ania ukingo wa jiwe. Rick anamfokea Evelyn, ambaye Alex amemfufua kwa kusoma Kitabu cha Wafu, asije. Evelyn anakuja, anapenya kati ya mawe yanayoanguka, anamvuta mumewe. Imhotep anamwita Anck-su-namun. Yule mwanamke anatazama mawe, anatazama shimo, anageuka na kukimbia. Kamera inarudi kwa Imhotep. Anamtazama Rick akiwa amekumbatiwa na mkewe. Jicho linalowa. Kisha anaachia.

Hatupwi, hachomwi mkuki, anaachia vidole. Kila kitu tulichojua kumhusu kwa filamu mbili, tangu alipomwua Farao kwa ajili ya mwanamke huyu, akazikwa hai na mende walao nyama kwa ajili yake, akarudi kutoka kuzimu mara mbili kwa ajili yake, kimekusanyika katika vidole vinavyofunguka. Deni lake lilikuwa na jina la mtu mmoja, na mtu huyo amekataa kulilipa. Kwa gharama, hiyo ni picha ya bei ndogo: mwigizaji mmoja, jiwe moja, tone la maji jichoni. Na ni picha ambayo haijazeeka hata siku moja, wakati jirani yake aliyegharimu kazi ya kompyuta nyingi amekuwa kichekesho.

Sokoni mambo yalikwenda vingine kabisa. Filamu ilikusanya takriban dola milioni 68 katika siku zake 3 za kwanza Marekani na Kanada, na duniani kote ilizidi milioni 430, juu kidogo ya ile ya kwanza. Kwa wenye pesa, Mfalme Nge hakushindwa hata kidogo. Uso wake ulikuwa kwenye matangazo, na mashabiki wa mieleka walijaza viti kwa ajili ya mtu ambaye mwili wake halisi unaonekana kwenye utangulizi tu. Johnson alilipwa dola milioni 5.5 kuwa mhusika mkuu wa filamu yake mwenyewe, kiasi kilichoingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness kama malipo makubwa kuliko yote kwa anayeongoza filamu kwa mara ya kwanza. Familia ya O'Connell nayo ilihamishiwa China mwaka 2008, chini ya mwongozaji mwingine, Rachel Weisz akiwa hayumo, na Imhotep hakuitwa tena.

The Scorpion King ilitoka tarehe 19 Aprili 2002, kabla hata mwaka haujatimia. Waandishi walimpa shujaa wao jina, Mathayus, wakampa ndugu wa kulipiza kisasi, wakampa sumu ya nge mwilini na mwanamke wa kumpenda. Tangu mwanzo wa filamu hiyo hadi mwisho wake anatembea kwa miguu yake miwili.